Uliza Fundi: Difu ya kati, loki yake na maboresho yenye maana

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Land Rover Discovery ya pili, ya mwaka 2000. Nilikwama kwenye tope, gurudumu moja la mbele likawa linazunguka bure na mengine matatu yametulia. Gari hili ni fowili ya kudumu, yaani magurudumu yote manne husukumwa wakati wote. Je, difu ya kati imekufa? Jamaa ananishauri ninunue mpya, ya kisasa zaidi. Nisisahau: kwenye dashibodi zinawaka taa tatu, ya ABS (breki zisizokaba gurudumu), ya TC (ya kudhibiti utelezi) na ile ya kushukia mlima.

JIBU: Marahaba. Kwa unavyoeleza, difu yako ni nzima, na hizo taa ulizotaja mwishoni ndizo ungeanza nazo barua.

Gari lako lina difu tatu: ya mbele, ya nyuma, na ya kati iliyomo ndani ya transifa, sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma. Ya kati ipo kwa sababu gari likikata kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, kwa hiyo propela mbili, mihimili inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma, haziwezi kuzunguka kwa mwendo mmoja. Difu iliyo wazi huziruhusu zipishane, lakini msukumo inazigawia kwa kiasi kilekile. Sasa gurudumu lililo juu ya utelezi huhitaji msukumo mdogo sana ili lizunguke, na wenzake hupata kidogo hichohicho. Yale matatu hayakunyimwa chochote. Yalipewa sawa na lile linaloteleza, na hakikutosha kuondoa gari.

Waliounda Discovery ya pili walitegemea kompyuta ilione gurudumu linalozunguka bure na kulikamata kwa breki, ili msukumo uende kwingine. Taa zako tatu zikiwaka kwa pamoja, msaada huo umezimwa. Chanzo kinachojulikana sana kwa gari hili ni swichi zilizo kwenye bloku ya vali za ABS pamoja na nyaya zake, kingine ni sensa za magurudumu. Peleka gari lisomwe kwa mashine inayoongea na kompyuta ya Land Rover, urekebishe hilo kabla ya kununua chochote.

Halafu ndipo tuzungumze loki, yaani kifungio cha difu ya kati. Defender ya umri huohuo ina transifa ya ukoo huohuo, LT230, na inakuja na mkono wa kufungia difu ya kati. Kwenye Discovery ya pili mkono huo uliondolewa, ila nyingi za miaka ya mwanzo bado zina loki yenyewe ndani. Kilichokosekana ni fimbo za kuiendesha. Ingia chini ya gari na taa, tazama juu ya transifa. Ukikiona kishina cha loki kimejitokeza, una bahati: kinachotakiwa ni mkono na fimbo zake. Usipokiona, huenda gari lako ni la kundi lililofuata ambalo ndani hamna kitu, na hapo itabidi ubadilishe sehemu za transifa. Kwa fedha inayotumika, sijaona boresho la Discovery ya pili linalozidi kuirudishia loki yake.

Wengi husema ukifunga loki nguvu inagawanyika nusu kwa nusu. Hapana. Kinacholazimishwa kuwa sawa ni mwendo wa propela mbili. Msukumo unakwenda panaposhika. Ekseli ya mbele ikiwa yote kwenye utelezi, ya nyuma inaweza kubeba karibu kazi yote peke yake. Na bado unaweza kukwama: gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yakiteleza kwa wakati mmoja, difu za ekseli zilizo wazi zitakuangusha vilevile. Hapo ndipo ile breki ya kompyuta inapokuja kushirikiana na loki. Zikifanya kazi pamoja, gari hilo linapita mahali utakaposhangaa.

Difu ya kisasa anayoisema jamaa yako nadhani ni ile ya gia za helikali, inayoegemeza msukumo upande unaoshika bila wewe kugusa kitu. Ni kitu kizuri, hasa kwa anayekwenda mwendo mrefu kwenye changarawe na mvua. Ila inafanya kazi kwa kuzidisha msukumo wa upande dhaifu, na upande ulio hewani hauna msukumo wa kuzidishwa. Ndiyo maana Toyota, walipoiweka Torsen, difu ya aina hiyo, katikati ya Prado 120, yenye mgawo wa kawaida wa asilimia 40 mbele na 60 nyuma, bado waliacha na loki juu yake. Ukiweka difu ya aina hiyo, hakikisha loki inabaki.

Funga loki kabla ya kuingia kwenye tope, gari likiwa limesimama au linatambaa. Usiifunge wakati gurudumu linazunguka kwa kasi, maana meno ya loki yatagongana na kitu kitavunjika. Na usisubiri ukwame: gurudumu likizunguka muda mrefu difu ikiwa wazi, vigia vidogo vya ndani huzunguka kwa kasi ambayo havikukusudiwa, hukauka mafuta na kula pini inayovishika. LT230 nyingi ninazozifungua zimekufa hivyo, na mwenyewe anaapa hajawahi kulitesa gari. Ukifika kwenye lami kavu, fungua. Taa ya loki ikikataa kuzima, propela zimejisokota. Rudi nyuma mita chache na msokoto utaachia.

SWALI: Fundi, Land Cruiser 80 yangu ni ya fowili ya kudumu. Nikikata kona kali kwenye sakafu ngumu inagoma kama imeshikwa breki. Wenzangu wanasema niweke seti ya kuigeuza iwe ya kusukuma nyuma tu, na habu za kufunga kwa mkono mbele (za kuunganisha au kuachanisha magurudumu na ekseli), nitaokoa mafuta. Unasemaje?

JIBU: Ndugu yangu, usibadilishe mfumo kwa ajili ya ugonjwa ambao haujapimwa.

Kwanza hakikisha taa ya loki imezimika ukiwa kwenye gia za kawaida. Kwenye 80 nyingi, ukiingiza lo, yaani gia nzito za mwendo mdogo, difu ya kati hujifunga yenyewe, na injini ndogo inayoisukuma loki huweza kuganda. Pili, angalia matairi. Mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma yana mzingo tofauti, kwa hiyo difu ya kati inafanya kazi safari nzima, hata barabara ikiwa imenyooka. Tatu, pima kaplingi ya viskasi iliyo pamoja na difu hiyo. Ndani yake mna visahani vingi na mafuta mazito ya silikoni. Ekseli zikipishana mwendo, huzivuta zikaribiane. Ikizeeka au ikichemka mara nyingi hukakamaa, na dalili yake ndiyo hiyo unayoieleza.

Kuipima: zuia magurudumu kwa vigingi, weka gia huru, transifa ikiwa kwenye gia za kawaida na loki wazi, inua gurudumu moja la mbele na jaribu kulizungusha kwa mkono wa spana ndefu. Likienda polepole kwa ukinzani, ni nzima. Likigoma kabisa, imekaza. Likizunguka bila ukinzani wowote, imechoka, lakini gari litatembea salama kwa difu iliyo wazi na loki yake.

Ile seti ya kugeuza siipendi kwa gari hili. Mafuta utakayookoa ni kidogo, na kazi yote inahamia difu ya nyuma. Baya zaidi ni lami yenye maji hapa na ukavu pale: leo gari lako linasukuma kwa magurudumu manne hapo bila kuumia, kesho hutaweza kuingiza fowili bila kuzisokota propela. Ukitaka kuongeza kitu, weka swichi ya loki kwenye dashibodi kama gari halikuja nayo, kisha fundi umeme achomoe waya wa pini ya 7 kwenye rilei ya loki hiyo ili lo isiifunge difu yenyewe. Utaweza kurudisha trela nyuma taratibu kwenye sakafu ngumu ukiwa kwenye lo. Ujue tu kwamba loki ikifungwa, ABS ya 80 huzimwa.

SWALI: Kijana wangu, nina Defender. Niliinua gurudumu la nyuma kwa jeki, hendibreki nimevuta, gari likasogea. Hendibreki mbovu?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa mshtuko. Huenda ni nzima. Hendibreki ya Defender haikamati magurudumu, inakamata propela ya nyuma pale inapotoka kwenye transifa. Gurudumu moja la nyuma likiwa hewani, difu ya ekseli inaliacha lizunguke, mwenzake aliye chini naye anazunguka, na propela haijatikisika. Kabla ya kuinua, funga loki ya kati, weka gia ya kwanza na zuia magurudumu ya ekseli nyingine kwa vigingi pande zote mbili. Loki ikifungwa, hendibreki inashika na propela ya mbele pia. Hakikisha taa yake imewaka. Isipowaka, sogeza gari kidogo mbele mpaka meno yaingie, ndipo uweke jeki.