Herufi ina harufu yake: nilichojifunza kwa mbwa wa Baskerville na kwa mzee mmoja wa Tanga

Juzi kuna kijana kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, nimeona jalada la kile kitabu kipya cha upelelezi, nimeambiwa ni kazi yako, naomba jina la fonti na mimi niitumie." Nikamjibu Baskerville, ndilo jina la ule mtindo wa herufi. Akashukuru akaishia hapo. Nikabaki na kitu kimenikaa rohoni usiku mzima, kwa sababu jina nimempa lakini hajapata chochote, na mimi hilo jina nimelipata kwa machungu, acha niwasimulie.

Miaka mitatu nyuma nilipewa kazi kwenye filamu fupi. Hadithi inatokea Tanga mwaka 1958, tajiri mwenye shamba la mkonge anatumiwa barua ya vitisho, maneno yamekatwa kwenye gazeti yakabandikwa kwenye karatasi, halafu usiku kuna mbwa analia huko kwenye mikonge. Barua niliitengeneza mimi. Nikachagua fonti ya Arial, ile nene, nikaprinti, nikakata kwa mkasi, karatasi nikailowesha kwenye chai ya rangi, kingo nikazibabua na mshumaa, yaani ukiiona unasema hii imetoka sandukuni kwa bibi. Nilijisifu sana siku ile.

Siku ya kuionyesha walikuja watu kama sitini. Filamu ikaisha, watu wakapiga makofi, wakaruhusu maswali, akasimama mzee mmoja amevaa kofia. Akasema, "Wanangu hongereni, mmefanya kazi. Ila ile barua imenitoa kwenye hadithi. Mimi nimeanza kupanga herufi za madini ya risasi, za kuchapia, mwaka 1964, na zile nilizozikuta zilikuwa zimeshachakaa. Herufi ile ya kwenye barua sisi hatukuwa nayo. Ile ni ya kompyuta."

Ukumbi kimya. Dairekta akashika maiki akasema hayo ni mambo ya dizaina, sisi tulimwamini. Mbele ya watu wote. Na ile nusu ya malipo iliyobaki sijaiona mpaka leo. Sitaji jina lake, lakini kama anasoma hapa anajua.

Niliporudi nyumbani nikatafuta. Arial ilichorwa mwaka 1982 na Robin Nicholas na Patricia Saunders wa kampuni ya Monotype, kwa ajili ya printa za IBM. Miaka 24 baada ya barua yangu! Mzee alikuwa sahihi kabisa, na aliijua kwa kuitazama sekunde chache tu kwenye skrini.

Kesho yake nikamtafuta nikaenda kwake. Nikamwamkia, nikamwomba radhi, akashangaa, "Radhi ya nini mwanangu, kaa tunywe chai." Nilienda kwake karibu kila Jumamosi kwa miezi mingi. Siku ya pili tu aliniambia neno ambalo limebaki kichwani mwangu, "Herufi ina harufu. Mbwa haangalii umevaa nini, ananusa. Na wewe nusa."

Hapo ndipo nikarudi kukisoma upya kile kitabu cha Conan Doyle, cha mbwa wa Baskerville, kilichotoka kwanza vipande vipande kwenye jarida la The Strand, kuanzia Agosti 1901. Nilikuwa nimekisoma shuleni kwa kuogopa yule mbwa tu, yule aliyepakwa fosforasi mdomo ung'ae gizani. Safari hii nikaona kitu kingine. Sir Henry, mrithi wa familia ya Baskerville, anapokea barua hotelini London, anaonywa akae mbali na ile nyika ya ukiwa, maneno yamekatwa gazetini isipokuwa neno moja tu limeandikwa kwa mkono. Sherlock Holmes anaitazama, hapo hapo anasema hii ni Times ya jana. Kaijuaje? Kwa herufi! Anasema kabisa kwamba kutofautisha chapa za magazeti ni elimu ya msingi kwa mpelelezi, na kwamba alipokuwa kijana aliwahi kuchanganya gazeti la Leeds na lingine la magharibi mwa Uingereza. Nilisoma ule ukurasa nikakumbuka ukumbi, nikakumbuka mzee na kofia yake.

Halafu kuna habari ya viatu. Sir Henry anaibiwa kiatu kipya, baadaye kinarudishwa, kinaibiwa cha zamani. Kwa nini? Kipya hakijavaliwa, hakina harufu ya mtu, hakimfai muuaji anayetaka kumnusisha mbwa wake. Na yule mfungwa mtoro anakufa kwa sababu tu alivaa nguo kuukuu za Sir Henry. Mbwa alifuata harufu aliyofundishwa. Sasa barua yangu ilikuwa kiatu kipya nilichokipaka vumbi. Chai ya rangi na mshumaa vyote vilikuwa vumbi.

Wengi mnaniuliza kama yule Baskerville mwenye fonti ndiye mwenye mbwa. Hapana. Doyle alienda Devon na rafiki yake Fletcher Robinson aliyemsimulia hadithi za mbwa wa huko, na mwendesha gari la farasi wa familia ya Robinson aliitwa Harry Baskerville. Mwenye herufi ni John Baskerville wa Birmingham, alifariki 1775, na maisha yake yeye nayaona matamu kuliko riwaya. Alianza kama mwalimu wa mwandiko na mchonga maandishi ya mawe ya makaburi, akatajirika kwa kuuza vyombo vya vanishi nyeusi ya kung'aa, akazichukua zile hela akazimwaga kwenye herufi. Miaka kadhaa anahangaika na karatasi laini zaidi, wino mweusi zaidi, na kurasa zinazokandamizwa kwa joto baada ya kuchapwa. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kikatoka 1757. Biblia yake kubwa aliichapa Cambridge 1763.

Na watu wakamponda! Wakasema herufi zake zina mistari myembamba mno zitawapofusha wasomaji. Benjamin Franklin, yule Mmarekani ambaye naye alikuwa mchapaji, akamwandikia mwaka 1760 kumsimulia alivyomtega mlalamikaji mmoja. Alimpa karatasi ya herufi za William Caslon, mchonga herufi mwingine wa Uingereza, zile yule bwana alizokuwa akizisoma maisha yake yote bila shida, akachana jina juu, akamwambia hizi hapa za Baskerville, nionyeshe kasoro. Bwana akaanza kuonyesha kasoro moja baada ya nyingine, na macho yakaanza kumuuma! Mimi kile kisa huwa nakisoma nikiwa nimeonewa na mteja. Yule bwana alikuwa anaangalia nguo, hakunusa.

Baskerville alipofariki mjane wake aliuza zile chapa za chuma za kutengenezea herufi kwa Beaumarchais, mwandishi wa tamthilia wa Ufaransa, akachapia maandiko ya mwanafalsafa Voltaire. Zilirudi Uingereza mwaka 1953, ziko Cambridge. Fikiria mtu kazi yake inathaminiwa ng'ambo wakati kwao wanamsema anapofusha watu.

Kwa hiyo wewe kijana uliyeniandikia, na wengine mnaopakua fonti mia nne kwa usiku mmoja, nisikilizeni. Acheni kuomba majina. Chukua fonti moja, ikuze ijae skrini, itazame wiki nzima. Baskerville itazame g ndogo, kitanzi cha chini hakijafungwa, kimeachwa wazi. Itazame Q kubwa, mkia wake unavyopepea. Arial itazame kichwa cha t kilivyokatwa mshazari. Ukishazijua hizo huwezi tena kudanganywa. Halafu uliza ilizaliwa lini. Hata Times New Roman ambayo mnaiona ya kale tangu Adamu ni ya 1932, ukiiweka kwenye barua aliyoishika Holmes umeharibu. Uliza mwaka, kisha tazama, kisha uliza mwaka tena. Na wazee waheshimuni, wako mitaani kwenu wamekaa vibarazani na elimu ambayo hakuna video itakupa, tunawapita na laptopu zetu hata salamu hatutoi. Inaniuma hii, kwa kweli.

Jalada lilipotoka nilimpelekea mzee nakala ya kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Riwaya yenyewe ina mbwa, kwa hiyo mbwa nimemweka chini akiwa kivuli tu, jina la kitabu juu kwa Baskerville kubwa, nyeusi. Akavua miwani, akakisogeza karibu na uso, akapitisha kidole juu ya jina taratibu kama mtu anayesoma gizani. Akasema, "Hii naijua." Kisha akakigeuza nyuma akaniambia maneno ya pale nyuma yamebanana, niyapumulishe kidogo. Nimeshayarekebisha kwa toleo la pili.