Nukta za kwantamu: madoadoa nje, kiini kiza

Ndugu yangu wa Chake, umeuliza kwa nini nukta zako za kwantamu (chembe ndogo mno za kung'arisha seli chini ya darubini), zinazotoa mwanga mwekundu wa nanomita 655 na zenye streptavidini (protini inayoshika biotini), zimetapakaa mpaka kwenye kioo kitupu, na kiini cha seli hakiwaki.

Madoadoa hayo kwa kawaida ni nukta zilizoshikamana zenyewe kwa zenyewe. Zungusha kichupa kwenye sentrifuji, 5,000 g (mara 5,000 ya nguvu ya mvuto) kwa dakika 3, uchukue maji ya juu tu, usiguse masimbi ya chini. Zimua mpaka ukolezi wa nanomola 10 ndani ya bafa (maji yanayotuliza kiwango cha asidi) yenye albumini ya ng'ombe asilimia 2, weka juu ya seli saa moja, osha mara tatu. Usizigandishe kabisa! Nyuzi 4 ndiyo pahala pake. Umeme ukikatika, kichupa kikae kwenye maji ya barafu, si ndani ya friza.

Kiini ni habari nyengine. Nukta pamoja na streptavidini yake hufika upana wa nanomita 15 hadi 20, haipenyi kirahisi. Baada ya kukaza seli kwa formaldehidi, toboa utando kwa Triton X-100 (aina ya sabuni) asilimia 0.25, dakika 15.

Angalia na filta ya darubini: ya kijani tuliyoizoea huzuia wekundu wote. Washa kwa mwanga wa nanomita 405, pokea kwenye 655.