Ukuta wa kale: msing'oe mtini, msizibe kwa saruji

Umeuliza kama kikundi chenu cha kujitolea king'oe mitini iliyoota kwenye ukuta wa kale wa mawe, kisha kizibe nyufa kwa saruji. Hapana, kwa yote mawili.

Mzizi wa mtini hujipenyeza nyuma ya mawe. Ukiuvuta, unakuja na mawe yake. Kateni shina karibu na ukuta, mkirudi kila baada ya wiki chache kukata machipukizi. Mzizi ukishakufa, chomoeni kile kinacholegea chenyewe. Kamche ka majani mawili matatu, hako mng'oe tu kwa vidole.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe laini na haipumui. Unyevu ulionaswa ndani hutoka kupitia jiwe lenyewe, chumvi inajikusanya, jiwe linamomonyoka na saruji inabaki imetokeza kama ubavu. Tumieni chokaa: ndoo 1 kwa ndoo 3 za mchanga mkali uliochekechwa (wa baharini hapana, una chumvi). Kwangueni ufa hadi kina cha mara mbili ya upana wake, lowesheni, kisha shindilieni. Funikeni kwa magunia mabichi kwa wiki nzima angalau. Hapa ndipo wengi hushindwa, maana shauku huisha siku ya pili. Chokaa ikikauka haraka, ukiikwaruza kwa kucha inadondoka unga.

Miwani na glavu ni lazima, chokaa huunguza macho. Na kabla ya yote, pigeni picha na muombe kibali cha idara inayosimamia mambo ya kale.