Kaa Akisusa Chakula, Chunguza Maji Kwanza

Wiki iliyopita nilipokea ujumbe kutoka kwa kijana wa Mikindani anayenenepesha kaa koko, akiniuliza awape chakula gani kwa kuwa wameanza kususa vichwa vya samaki. Swali hilohilo nilijiuliza miaka mitatu iliyopita hapa Lindi, nikajijibu vibaya, na jibu hilo likanimalizia vizimba vyote arobaini.

Vizimba vyangu vilikuwa kwenye mikoko ya mlango wa Mto Lukuledi, mahali nilipopachagua mwenyewe kwa sababu hapakauki hata maji yakipwa. Mwaka wa kwanza kaa mtupu niliyemnunua kwa wavuvi alijaa nyama ndani ya wiki nne, na sioni haya kusema kwamba wanunuzi walikuwa wakinifuata nyumbani. Mwaka wa pili mfereji wa maji taka ukaelekezwa kwenye mkono wetu wa maji, na msimu wa kupulizia mikorosho dawa ulipofika watu wakawa wanaoshea mabomba yao humohumo. Nililiona povu na harufu niliisikia, lakini kwa kuwa kaa hawakufa, nilijiambia kuwa kaa ni mnyama wa tope na nikaongeza chakula. Mabaki yalioza chini ya vizimba na kuzidisha uchafu.

Tope la mikoko na maji taka ni vitu viwili tofauti. Maji taka yakioza hula oksijeni, hasa usiku, na huacha sumu ziitwazo amonia na nitriti. Amonia huunguza matamvua, yaani viungo ambavyo kaa hupumulia, nayo nitriti huidhoofisha damu ya kaa, ambayo hubeba oksijeni kwa nguvu ya madini ya shaba. Viuatilifu vya kuua wadudu ni hatari zaidi, kwa sababu kaa na mdudu ni jamaa, na sumu inayovuruga mishipa ya fahamu ya mmoja haimwachi mwenzake. Kaa anayeishi humo kwa miezi hafi mara moja: hupoteza hamu ya kula, huchelewa kujivua gamba, huishiwa kinga, kisha bakteria humla gamba.

Siku niliyomfungua mmoja ndipo nilipoelewa. Matamvua, vile vidole laini vilivyolala chini ya gamba, ambavyo kwa kaa mzima huwa vyeupe au vya kijivu hafifu, yalikuwa meusi na yenye ute kama utambi wa koroboi. Gambani mlikuwa na vishimo vyeusi. Mwenzake alikuwa amekufa katikati ya kujivua: gamba limepasuka nyuma, miguu ya nyuma imeshatoka, magando yamebaki ndani ya gamba la zamani. Nilipeleka malalamiko ofisini mara tatu kwa maandishi, na mpaka leo sijapewa jibu. Jambo hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, usibadilishe chakula, kipunguze, na uyatoe mabaki kila asubuhi. Usingoje kaa afe ndipo uamini kwamba maji ni mabaya. Yapime maji yanapopwa, kwa kuwa yakijaa bahari huuficha uchafu, na uwe macho zaidi siku za maji mafu, ambapo mkondo ni mdogo na uchafu hauondoki. Mfugaji anayeyajua maji yake hahitaji kubahatisha chakula.

Wachache niliowahamishia ng'ambo, upande wa Kitunda, walirudia kula, na waliofanikiwa kujivua gamba walipata matamvua masafi, kwa maana ngozi ya matamvua nayo hubadilishwa pamoja na gamba. Waliokwisha kuchoka hawakupona. Leo jioni mfungue kaa mmoja aliyesusa, utazame chini ya gamba lake, na kesho maji yakipwa ufuate mkondo kwa miguu kuelekea juu mpaka uone kinachoingia ndani yake.