Je, Ni Lazima Kuanza kwa Daktari Kabla ya Kumwona Mtaalamu wa Fiziotherapia?

Barua nyingi zilizotufikia mwezi huu zinahusu jambo moja: mtu ameumia michezoni na hajui aanzie wapi. Tumechagua tatu, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu wengi wanaiuliza kwa maneno yanayokaribiana.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwanachama wa kikundi cha jogging hapa Tabata. Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukirudi kutoka Daraja la Tanzanite, nilikanyaga ukingo wa mfereji, mguu wa kulia ukapinda kwa ndani na kifundo kikateguka. Nilichechemea hadi kituoni nikapanda daladala, na jioni kifundo kilikuwa kimevimba upande wa nje. Sasa ninatembea, ingawa kupanda ngazi bado ni shida. Wenzangu wananishauri niende moja kwa moja kwenye kliniki ya fiziotherapia (tiba ya viungo na misuli kwa mazoezi na kwa mikono), lakini kaka yangu anasema huko hawampokei mtu asiye na barua ya daktari, na kwamba nitapoteza nauli yangu bure. Ukweli ni upi? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ndugu msomaji, pole sana. Unaweza kwenda bila barua. Kliniki binafsi za fiziotherapia jijini Dar es Salaam kwa kawaida humpokea mgonjwa aliyekuja mwenyewe, humpima, huanza tiba, na zikikuta jambo lililo nje ya uwezo wake ndizo zinazomwandikia barua aende kwa daktari. Hata hivyo, kaka yako hakusema bila sababu. Katika hospitali za umma kama Amana, Mwananyamala na Temeke, utaratibu uliozoeleka ni kufungua faili mapokezi na kumwona daktari wa wagonjwa wa nje, ambaye ndiye anayekuelekeza kwenye kitengo cha fiziotherapia. Huko nako hutakiwi kuja na barua kutoka nje, kwa kuwa shughuli yote inafanyika ndani ya hospitali hiyohiyo, ila utapanga foleni mara mbili.

Desturi ya kudai barua imetokana na historia ya taaluma yenyewe. Zamani mtaalamu wa fiziotherapia alifanya kazi kwa maelekezo ya daktari tu: daktari aliandika aina ya tiba, yeye akaitekeleza. Elimu yake ilipopanuka, nchi mbalimbali zililegeza sharti hilo. Nchini Marekani jimbo la Nebraska lilianza mwaka 1957, Australia ikafuata mwaka 1976, na Uholanzi mwaka 2006. Hapa kwetu taaluma hii imekuwa ikifundishwa kwa miaka mingi katika hospitali ya KCMC, Moshi, na mhitimu hutoka akiwa amejifunza kupima mwili na kutambua dalili za hatari, si kuchua na kunyoosha viungo peke yake. Kwa hiyo kumwendea moja kwa moja si kumkwepa daktari. Ni kumwendea mtu ambaye sehemu ya kazi yake ni kujua lini daktari anahitajika.

Kinachonigusa zaidi katika barua yako ni kama kifundo hicho kimeteguka tu au kuna mfupa uliovunjika. Swali hilo lina njia ya kulijibu ambayo ningependa kila kiongozi wa kikundi cha jogging aifahamu. Mwaka 1992 madaktari wa Ottawa, nchini Kanada, walitoa kanuni fupi ya kuamua nani anahitaji kupigwa picha ya eksirei, na kanuni hiyo inatumika duniani kote hadi leo. Kaa kitini, nyoosha mguu, kisha kwa ncha ya kidole bonyeza ukingo wa nyuma wa ule mfupa unaotokeza upande wa nje wa kifundo, ukianzia ncha yake ya chini na kupanda sentimita 6 hivi. Bonyeza mfupa wenyewe, si nyama laini iliyovimba mbele yake. Fanya vivyo hivyo kwa mfupa wa upande wa ndani. Kisha papasa ukingo wa nje wa wayo hadi katikati, mahali ambapo kuna kinundu cha mfupa, na mwisho bonyeza mfupa ulio juu ya upinde wa ndani wa wayo. Ukikuta mojawapo ya sehemu hizo nne inauma hasa pale kwenye mfupa, au ikiwa hukuweza kupiga hatua nne mara tu ulipoumia na hata sasa huwezi, nenda hospitali upigwe picha kwanza. Kuchechemea kunahesabiwa kuwa ni kutembea.

Kanuni hii iliandaliwa kwa watu wazima walioumia karibuni, na haimfai mtu ambaye ganzi ya miguu, kwa mfano kutokana na kisukari, inamzuia kuhisi maumivu. Mtu wa namna hiyo aende kwa daktari hata kama haoni uchungu.

Zipo pia hali ambazo haziruhusu kuanzia kliniki ya fiziotherapia kabisa. Kiungo kilichokaa upande, wayo wenye ganzi au uliopoa na kubadilika rangi, mlio wa ghafla nyuma ya kisigino unaomfanya mtu ageuke kutazama nani amempiga teke, kiungo chenye joto kali pamoja na homa, shavu la mguu linalovimba na kuuma bila sababu ya wazi, pigo la kichwa lililomwacha mchezaji akiwa amechanganyikiwa, au maumivu ya mgongo yanayoambatana na kushindwa kuzuia mkojo: hayo yote ni ya hospitali, tena siku hiyohiyo.

Ikiwa mifupa yako haiumi, basi kwa maelezo uliyotoa inaelekea umejeruhi ligamenti, yaani nyuzi imara zinazounganisha mfupa na mfupa, za upande wa nje wa kifundo, jeraha la kawaida mno kwa wakimbiaji. Katika siku mbili tatu za mwanzo usikande kwa maji ya moto wala usichuliwe kwa nguvu, maana eneo hilo bado linavuja damu chini ya ngozi. Barafu iliyofungwa kwenye kitambaa hupunguza maumivu, lakini kulala kitandani wiki nzima hakusaidii. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 ndiye aliyeeneza ushauri wa kupumzisha jeraha na kuliwekea barafu, baadaye alikiri kwamba barafu na mapumziko kamili vinaweza kuchelewesha kupona.

Ukifika kliniki, tazama unavyohudumiwa. Mtaalamu makini atakuuliza ulivyoumia, atalinganisha mguu mmoja na mwingine, atashika kisigino na kukivuta taratibu ili apime ulegevu wa ligamenti, atakutaka usimame kwa mguu mmoja, na utaondoka ukiwa na mazoezi ya kufanya nyumbani: kuzungusha kifundo, kusukuma kwa wayo utepe wa mpira unaovutika, kuinuka kwa vidole, na kusimama kwa mguu mmoja huku ukipiga mswaki. Mazoezi hayo ya mizani ndiyo yanayopunguza uwezekano wa kuteguka tena, na ndiyo ambayo wengi huyaacha mara maumivu yanapotulia. Ukilazwa kitandani, ukafungiwa mashine na kupakwa dawa ya kuchua bila kupimwa wala kupewa zoezi lolote, na ziara ya pili ikawa vilevile, tafuta kliniki nyingine. Sisemi hivyo kwa wepesi. Fedha ya tiba ni ngumu kupatikana, na mgonjwa ana haki ya kupata tiba inayomrudisha barabarani.

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu na ninacheza netiboli katika timu ya kazini, Kigamboni. Niliruka kudaka mpira, nikatua vibaya, goti likatoa mlio na kuvimba kabla hata hatujafika nyumbani. Uvimbe umepungua, lakini nikigeuka ghafla goti linaniachia. Nilikwenda kliniki ya fiziotherapia nikiwa na kadi ya bima, nikaambiwa nilipe taslimu au nilete fomu ya daktari. Je, si kunionea? (Mwalimu, Kigamboni)

JIBU: Mwalimu, pole. Hapo kuna mambo mawili yaliyochanganyika. Ruhusa ya mtaalamu kukuhudumia ni jambo moja, na bima kukubali kulipia huduma hiyo ni jambo jingine. Ungelipa taslimu wangekupokea bila fomu. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hufanya kazi ndani ya mfumo wa rufaa wa nchi, unaopanda kutoka zahanati na kituo cha afya hadi hospitali za juu, na kampuni binafsi nazo zina masharti yake. Kabla ya kutoka nyumbani, piga simu kwa bima yako uulize kama kliniki hiyo ina mkataba nayo, kama inataka fomu ya daktari au kibali cha awali, na inalipia ziara ngapi. Uliza pia jina la aliyekujibu uliandike, kwa sababu majibu ya dirishani na ya simu hayalingani kila mara. Ninakubaliana nawe kwamba inachosha kumlipa daktari ili akuandikie tu kitu ambacho tayari unakijua.

Lakini kwa goti lako, fomu hiyo imekuja kwa heri. Mlio wakati wa kutua, uvimbe mkubwa ndani ya saa chache na goti linaloachia unapogeuka ni dalili zinazotia shaka ya kuchanika kwa ligamenti ya msalaba ya mbele, jeraha ambalo wanawake wanaocheza michezo ya kuruka na kugeuka hulipata kwa kiwango kikubwa kuliko wanaume. Unahitaji kuonwa na daktari wa mifupa, na huenda ukahitaji kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Anzia kituo ambacho bima yako inakitambua, eleza dalili hizo tatu kama ulivyozieleza hapa, na omba rufaa ya kwenda kwa daktari wa mifupa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ndiyo ya ngazi ya juu kabisa kwa kazi hiyo. Kwa sasa acha netiboli. Fiziotherapia bado utaihitaji, uwe umefanyiwa upasuaji au la, kwa kuwa paja lenye nguvu ndilo linalolinda goti la namna hiyo. Kwa hiyo omba fomu ya fiziotherapia siku hiyohiyo utakapomwona daktari, usije ukarudi tena kwa karatasi moja.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Ninafundisha timu ya vijana Mbagala. Kijana wangu mmoja wa miaka 13 anaumwa chini kidogo ya goti, mahali palipotokeza kinundu. Mzee wa mtaani anamchua kila jioni, lakini maumivu yanazidi. Nimpeleke kwa mtaalamu wa fiziotherapia, au mzee anatosha? (Kocha, Mbagala)

JIBU: Marahaba, kocha. Mpeleke, na mzazi wake awepo. Kwa umri huo kinundu kinachouma mahali hapo mara nyingi ni tatizo la ukuaji lililoelezwa na madaktari Osgood na Schlatter mwaka 1903: kano ya goti huvuta sehemu ya mfupa ambayo haijakomaa. Kuchua kinundu chenyewe huzidisha maumivu. Kinachosaidia ni kupunguza mbio na miruko kwa muda, kuimarisha paja, na subira.

Ila ikiwa maumivu yanamwamsha usiku, uvimbe unakua, ana homa, au ana selimundu (sickle cell), msianzie fiziotherapia. Aende hospitali bila kuchelewa. Na kliniki yoyote mtakayochagua, ombeni kuona cheti cha usajili na leseni ya mhudumu. Sheria ya mwaka 2017 inayowahusu madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi inataka wanaotoa huduma hizi wawe wamesajiliwa, na mtaalamu wa kweli hakasiriki kuulizwa. Mzee wa mtaani mshukuru kwa moyo wake, umwombe asimguse kijana huyo hadi mtakapopata majibu.