Safari ya Desemba na trafiki: niliyojifunza barabara ya Dar kwenda Kilimanjaro

Kila Desemba naendesha gari kutoka Dar es Salaam hadi Marangu, zaidi ya kilometa 500. Mume wangu hubaki kazini mpaka tarehe 24, kwa hiyo usukani unakuwa wangu, na nyuma wanakaa watoto watatu na mama mkwe. Mwaka huu itakuwa mara ya kumi na moja. Kusimamishwa na trafiki nimesimamishwa mara nyingi mno. Kuandikiwa faini ni mara nne, na tatu kati ya hizo nilistahili.

Ikifika wiki ya pili ya Desemba ndugu huanza kunipigia. "Dada, mwaka huu trafiki wamekaa wapi?" Swali hilo silijibu tena. Msimu wa sikukuu polisi huongeza nguvu barabarani, na barabara ya kaskazini inajulikana: Kibaha, Chalinze, Segera, Korogwe, Same, Himo, na vijiji vyote vilivyo katikati. Chukulia tu kwamba wapo. Ninachowaambia ni kitu kingine: karibu kila tatizo lililonikuta kwenye kituo cha ukaguzi lilianzia nyumbani kwangu, kwa kuchelewa kutoka.

Mwaka 2019 tulipanga kuondoka saa kumi alfajiri. Mara begi halifungi, mara mtoto kalala tena, mara nimekumbuka mchele wa mama uko stoo. Tukatoka saa mbili kasoro. Kibaha foleni, Mlandizi foleni, Chalinze tukaiona saa tano na nusu. Hapo ndipo nilipoanza kufukuza muda. Segera nilipita bila kusimama hata kwa chai, watoto wanalalamika njaa, mimi nawaambia tutakula mbele. Kati ya Korogwe na Mombo nikakiona kibao cha 50, nilikiona vizuri kabisa. Nikajisemea kijiji chenyewe kidogo, nikapita na 78.

Trafiki alitokea chini ya mkwaju. Kijana, umri wa mdogo wangu wa mwisho. "Shikamoo mama. Poleni na safari. Naomba leseni." Kisha akanionyesha tochi, kile kifaa cha kupimia mwendo: gari langu, namba inasomeka, na 78 imeandikwa pembeni. Nikaanza kubishana. Barabara nyeupe, afande, hakuna mtu, hakuna hata mbuzi. Hakunifokea. Alinyoosha mkono upande wa kushoto wa barabara, kwenye bomba la maji lenye foleni ya madumu ya njano na wanawake wawili wameinama. Halafu akanionyesha nyumba. Zote zilikuwa upande wa kulia, zimeegemea mlima. "Maji yako huku, mama, watu wanalala kule. Wanaotumwa maji ni watoto."

Sikuwa na la kusema. Nilipofika Marangu nikachukua kalamu. Kijiji kile tukikipa kilometa mbili, kwa mwendo wa 50 unakivuka kwa dakika 2 na sekunde 24. Kwa 78 unatumia dakika 1 na sekunde 32. Nilichookoa ni sekunde 52. Kwa kubishana na kuandikiwa nilipoteza karibu nusu saa, na faini ya papo kwa papo ya shilingi 30,000 juu yake. Hiyo ni hesabu ya pesa na muda. Hesabu iliyoninyima usingizi ni nyingine: kwa 50 gari linakula kama mita 14 kila sekunde, kwa 78 linakula karibu mita 22. Mtoto mwenye dumu akichomoka nyuma ya lori lililoegeshwa, ile sekunde moja ya kushtuka, kabla mguu haujagusa breki, mita 22 zimeshaisha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni saa ya kutoka. Chagua saa kisha uilinde kama unavyolinda saa ya ndege. Sisi siku hizi mabegi yanaingia kwenye gari usiku wa kuamkia safari, watoto wanalala na nguo za kusafiria, na mchele unapakiwa wa kwanza. Saa kumi kamili alfajiri gari linatoka getini. Ukitoka hivyo, unavuka Kibaha kabla mji haujaamka, na siku nzima huna deni la muda. Dereva asiye na deni la muda anapita kila kibao cha 50 bila kuumia moyo. Kama unaishi Mbezi Beach, Tegeta au Bunju, pitia Bagamoyo, utokee Msata. Kibaha na Chalinze utaziacha kabisa.

La pili ni gari lenyewe, na hili lifanywe wiki moja kabla, wakati fundi bado ana nafasi. Kuanzia tarehe 20 mafundi wote wana foleni. Tairi kipara usiende nazo, hata kama fundi anakuambia zitakufikisha. Ule mnyoosho wa Mkomazi, Hedaru hadi Same una joto kali, lami inawaka, gari limejaa watu na mizigo, na tairi iliyochoka hupasukia hukohuko. Washa taa zote usiku mbele ya ukuta na umwite mtu asimame nyuma akuangalizie: breki, indiketa, na kile kitaa kidogo kinachomulika namba ya gari, ambacho hakuna anayekikumbuka. Mimi kimenigharimu, nitaeleza. Waipa pia, maana ukifika Himo mvua inaweza kukupokea. Ndani ya gari kuwe na mtungi wa kuzimia moto ambao haujapita muda, pembetatu mbili, spea yenye upepo, jeki na sanduku la huduma ya kwanza.

Halafu karatasi. Bima usiiamini stika peke yake. Kuna watu wameuziwa bima hewa na hawajui mpaka wapate ajali, kwa hiyo ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA, wale wasimamizi wa bima nchini, uhakikishe inasoma na haiishii katikati ya likizo. Ingia pia kwenye mfumo wa polisi wa TMS uangalie kama gari lina deni la faini. Unaandika namba ya gari, unaona kosa, unapata namba ya malipo, unalipa kwa simu. Faini iliyolala huongezewa adhabu, na kitu kinachochosha ni kukutwa na deni la Machi ukiwa Korogwe mwezi Desemba, watoto wanataka kwenda chooni.

Sasa umesimamishwa. Washa indiketa mapema, egesha pembeni kabisa nje ya lami, zima injini, shusha kioo. Usishuke mbio kumfuata afande na usimpigie mtu simu kabla hajafungua mdomo. Salimia. "Pole na kazi, afande" inatoka bure, na yule mtu amesimama juani tangu alfajiri huku wenzake wako na familia zao. Leseni yangu inakaa kwenye kifuko kimoja na kadi ya gari, si chini ya mkoba. Mara nyingi mazungumzo yanaishia hapo: anachungulia mikanda, anaangalia tairi, "safari njema mama," naondoka. Dakika mbili. Askari wengi niliokutana nao katika miaka hii kumi ni wa hivyo, na nasema hivi nikimaanisha, kwa sababu ukiwasikiliza ndugu zangu wakisimulia ungedhani barabara nzima ni ya wezi.

Akikuambia una kosa, uliza ni kosa gani na uombe kuona. Kama ni mwendo, mwombe akuonyeshe tochi, usome namba ya gari na mwendo. Ukilikubali, mwambie akuandikie. Kikaratasi kikitoka kwenye kile kimashine, kisome hapohapo: namba ya gari, aina ya kosa, kiasi. Ukiona halikuwa kosa lako, sema kwa utulivu kwamba hulikubali na ungependa lifike mahakamani, ni haki yako. Lakini kuwa mkweli kwa nafsi yako kwanza. Mimi siku ile ya 78 nilikuwa tayari kuapa.

Kuna lile jambo ambalo wengi mnataka kuniuliza. Miaka michache iliyopita, mahali ambapo sitapataja, askari alizunguka gari langu, akarudi dirishani, akainama akasema taratibu, "Sasa mama, tunafanyaje?" Kila dereva wa nchi hii anaijua sentensi hiyo. Mama mkwe alishaanza kufungua pochi yake kule nyuma. Mkono ulikuwa unanitetemeka, lakini nilimjibu, "Afande, kama nina kosa niandikie, nitalipa." Akanyamaza. Akazunguka gari tena, mara hii polepole, akagonga tairi, akafungua buti, akahesabu pembetatu. Tulikaa dakika ishirini. Mwishoni akalikuta: kitaa cha namba ya nyuma hakiwaki. Akaandika. Nilichukua kikaratasi, nikalipa usiku uleule, na kosa lilikuwa langu.

Tulipoondoka mama mkwe aliniuliza kwa nini nilijitesa, wakati elfu kumi ingemaliza. Nilimwambia mama, elfu kumi yangu ndiyo inayompitisha yule mwenye breki mbovu nyuma yetu. Yeye naye atatoa elfu kumi, atapita, na tutakutana naye Mombo kwenye kona. Hilo naliamini mpaka leo. Tena kisheria mtoa rushwa ana kosa sawa na mpokeaji, kwa hiyo ukitoa umeongeza kosa zito kuliko kitaa. Ukidaiwa waziwazi, TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kumbuka mahali, saa, na jina au namba ya askari kama umeiona. Na kama nilivyosema, asiye na haraka ndiye anayeweza kusema "niandikie." Ningekuwa nimetoka saa mbili kasoro siku ile, pengine mimi ndiye ningefungua pochi.

Kitu kingine nilichoacha ni kuwasha full, zile taa kali za mbele, kuwatahadharisha wanaokuja kwamba mbele kuna tochi. Niliifanya miaka mingi, nikidhani ni ukarimu wa barabarani. Februari 2023, Magila Gereza, Korogwe, Coaster iliyobeba waombolezaji na mwili wa marehemu kwenda kuzika Kilimanjaro iligongana na Fuso usiku, wakafa watu zaidi ya 15. Juni 28, 2025, Sabasaba pale Same, basi na Coaster viligongana vikawaka moto, wakafa zaidi ya 30. Barabara hiyohiyo, ninapopita na wanangu. Sijui ni nani ninayemwashia full. Anaweza kuwa baba mstaarabu kama mume wangu, anaweza kuwa mtu anayeovateki kwenye mstari mzima tangu Himo na anahitaji sana kusimamishwa na mtu. Tangu hapo mkono wangu haugusi taa. Ukitaka kuwasha full, washa kwa ajili ya ng'ombe barabarani au ajali iliyo mbele.

Wanaosafiri kwa basi, na nyie mna kazi. Mabasi mwisho wao ni 80. Dereva akizidisha, sema, na msiseme mmoja mmoja, maana konda atamnyamazisha. Trafiki akiingia ndani akauliza "abiria, dereva anaendaje?", msijibu "vizuri!" kwa pamoja kwa sababu tu mnataka kuwahi. Nimewahi kuwa ndani ya basi lililojibu hivyo, na nusu yetu tulikuwa tumeshika viti vya mbele kwa mikono miwili tangu Wami.

Mikanda ya nyuma sina cha kujadili. Gari langu haliondoki. Mama mkwe alikataa mwaka wa kwanza, akisema inambana. Nikazima injini pale getini, tukakaa, mpaka akafunga.

Faini ya nne niliikuta Januari, tumesharudi Dar. Niliingia TMS kwa mazoea tu, nikakuta kosa la mwendo la siku na mahali ambapo sikusimamishwa na mtu yeyote. Siku ile gari lilikuwa limeegeshwa Marangu chini ya migomba. Ningefuata hasira ningelipa tu niachane nalo, au ningeliacha liongezeke. Nilichapisha karatasi, nikachukua kadi ya gari na leseni, nikaenda kituo cha polisi kueleza. Nilirudi mara tatu. Mara ya tatu waligundua herufi moja ya namba ilikosewa, deni likaondolewa. Kwa hiyo ukirudi salama na mizigo ikishuka, kabla hujaanza kufua nguo za safari, ingia uangalie gari lako limeandikwa nini.