Uliza Fundi: Kamera yajizima, betri yalala

Mwezi huu karibu maswali yote yaliyokuja ni ya dashikamu, ile kamera ya kioo cha mbele inayorekodi barabara, basi tuyapige pamoja. La kwanza ndilo refu na ndilo lenye kazi, hayo mengine yatapita haraka.

*Salaam aleikum fundi. Mimi dereva wa teksi, nakaa Likoni, naendesha Vitz. Kamera yangu nilikuwa nachomeka kwa laita nikaona haifai, nikizima gari nayo yazima, na usiku napaki nje, watu wakwaruza magari ya wenzao halafu hakuna alojua. Nikanunua ile seti ya waya tatu ya kuunga kamera kwenye boksi la fyuzi, nikafungiwa. Tangu hapo asubuhi gari haiwaki mpaka nijampiwe, na mchana nikiwa barabarani kamera yajizima na kujiwasha yenyewe, hasa nikipita kwa mashimo. Aliyenifungia asema kamera ni mbovu ninunue nyingine. Ni kweli? (Dereva, Likoni)*

Waaleikum salaam bwana dereva. Usitoe pesa bado. Chukua pawabenki ya simu, chomeka kamera yako na kebo yake ya zamani, uende nayo kazini mchana mmoja kwenye mashimo hayo hayo. Isipojizima basi kamera ni nzima na ubishi umekwisha, shida iko kwenye njia ya umeme. Kwa maelezo yako mimi naona una shida mbili tofauti ambazo zimekuja siku moja kwa sababu zilifungwa siku moja.

Tuanze na betri. Waya zako tatu kazi zake ni hivi: moja ni athi, yaani ile inayofungwa kwenye chuma cha bodi, moja yataka moto (umeme) wa saa zote hata ufunguo ukiwa mfukoni, na ile iliyoandikwa ACC yataka moto unaokuja ukiwasha swichi na kuondoka ukizima. Hio ya ACC ndiyo inayoiambia kamera kwamba gari imezimwa sasa ingia modi ya paking, yaani ilinde gari iliyopaki kwa umeme kidogo. Fundi mwenye haraka huzichomeka mbili zote kwenye fyuzi ya saa zote kwa sababu kamera itawaka na mteja ataondoka amefurahi, lakini kamera yenyewe haijui kama umelala, yarekodi usiku kucha kama uko njiani Mtwapa. Na usiamini rangi, kampuni moja huweka nyekundu kwa ACC na nyengine njano, soma kile kikaratasi kilichobandikwa kwenye waya.

Kujua ni rahisi: zima gari, toa ufunguo, funga milango, ungoje kama robo saa kwa sababu gari nyengine huacha baadhi ya fyuzi zikiwa na moto kwa dakika kadhaa baada ya kuzima. Halafu chungulia kamera. Ikiwa yaendelea kurekodi kama kawaida, ACC iko pahali pabaya. Ikiwa imekufa kabisa basi ni kinyume, waya ya saa zote imewekwa kwenye fyuzi inayozimika na ufunguo, au modi ya paking haijawashwa kwenye menyu. Ukiwa na multimita ndio bora zaidi, hata ile ya bei rahisi: weka kwenye volti za DC 20, waya nyeusi kwenye chuma kitupu cha bodi, nyekundu gusa vile vidoti viwili vya chuma juu ya fyuzi. Fyuzi ya saa zote itakupa 12 na kitu hata gari imezimwa, ya ACC itasoma sifuri mpaka uwashe swichi.

Halafu kuna kikomo. Kile kijisanduku cha hio seti kina kiswichi kidogo cha volti, mara nyingi 11.8, 12.0, 12.2 au 12.4, na volti zikishuka hapo chakata umeme wa kamera. Betri nzima iliyopumzika husoma kama 12.6, ikifika 12.2 imebaki karibu nusu, na 11.8 ni betri ishakwisha, utasikia starta ikigonga tik tik tu. Sasa seti nyingi nazikuta kwenye 11.8! Yaani wameiambia kamera inywe mpaka tone la mwisho. Weka 12.4, na kama betri yako ina umri usishuke hapo hata siku moja. Kamera ya mbele na nyuma ikila wati 5 hivi ni kama nusu ampea kasoro, usiku wa saa 10 imeshakula ampea-saa 4, na betri ndogo ya NS40 ina kama 32 mpaka 35 tu ikiwa mpya. Wewe tena wa teksi ya Likoni, nusu ya siku uko kwenye foleni ya feri injini imezimwa redio yaimba, altaneta haipati nafasi ya kurudisha kilicholiwa. Ukishapanga sawa na bado asubuhi haiwaki, toa kamera usiku mmoja upime betri peke yake, pengine ndiyo iliyochoka na kamera yasingiziwa.

Haya, hilo la kujizima kwenye mashimo. Hapo mimi moja kwa moja natazama athi. Nimeona waya nyeusi imefungwa kwenye skrubu iliyoingia kwenye plastiki, nimeona imefungwa juu ya rangi, na hapa kwetu pwani hata iliyofungwa vizuri yaota kutu na ile chumvi ya hewa, nati ikilegea kidogo tu basi kila shimo lakata umeme. Pima hivi: kamera ikiwa yafanya kazi, nyekundu ya mita weka kwenye boliti ya hio athi, nyeusi kwenye hasi ya betri (utahitaji kuunga waya ndefu kidogo ifike kwa boneti). Yatakiwa isome karibu sifuri. Ikipita volti 0.1 ianze kukutia shaka, na ikirukaruka ukitingisha waya umeshampata mwizi wako. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, tumia boliti ya gari yenyewe iliyoshika bodi, kaza, halafu paka grisi juu.

Cha pili ni ile fyuzi tapu, kidude chenye nafasi ya fyuzi mbili, ya gari na ya kamera, kinachochomekwa kwenye tundu la fyuzi ya gari. Zina saizi zake na miguu myembamba ikiingizwa kwenye tundu pana yaingia vizuri tu lakini yacheza. Ukiingiza ikaingia laini bila kukaza, hio si yako. Tena ina upande: chomoa fyuzi ya gari kutoka kwenye hio tapu uache ya kamera, ikiwa waya ya kamera bado ina moto upande uko sawa, ikiwa imekufa igeuze, maana ukiacha hivo mzigo wote wapitia fyuzi moja. Na ya kamera yenyewe iwe ampea 2 au 3. Ikikatika usiweke 15 wala ile karatasi ya sigara, tafuta kwa nini imekatika.

Kamera kuzima mara moja pale unapopiga starta hio niachie, ni kawaida, volti hushuka mpaka 10 au chini yake kwa nukta kidogo.

*Fundi, tangu nifunge kamera redio ya FM yakoroma, hasa stesheni za mbali. Gari ni Fielder kutoka Japani. (Dada wa Tudor)*

Dada yangu, kile kijisanduku kinachoteremsha volti 12 kuwa 5 kikiwa cha bei ya chini chapiga kelele kwenye mawimbi ya redio. Chomeka kamera kwa pawabenki: koromo likiondoka ni kijisanduku, likibaki ni kamera yenyewe au kebo yake imepita karibu na waya ya eriali. Kwenye gari za Japani tatizo laonekana zaidi kwa sababu redio zao hazifiki stesheni zetu za 100 na kitu, hufungiwa ile bendi ekspanda, kidude cha kuzifikisha huko, nyuma ya redio, na ikishaungwa hapo signali inakuwa dhaifu kidogo. Sogeza kijisanduku mbali na redio, pitisha kebo upande wa pili, na ubane kile kidude cheusi kinene kilichoko kwenye waya za chaja za laptopu, chauzwa kivyake. Bado? Badilisha seti.

*Mimi napaki juani Bamburi kutwa nzima, jioni kamera haiwaki mpaka niendeshe na AC kama dakika ishirini. Ni umeme? (Mama wa wawili)*

Mama, umeme wako uko sawa, ni jua. Kamera nyingi hujizima zikipata moto sana ili zisiungue. Angalia kama yako ina betri ya lithiamu ndani, ikiwa mgongo umeanza kuvimba itoe leo leo kabla haijakutia hasara. Ukinunua nyengine ulizia yenye kapasita (kidude kidogo cha kuweka umeme) badala ya betri, zavumilia joto zaidi. Na kama yawaka halafu yagoma kurekodi, tazama memori kadi, zile za simu hazidumu kwenye kazi hii, zipo za kurekodi mfululizo.

*Kwenye boksi langu la fyuzi nafasi iliyo karibu zaidi ni ya airbag (mfuko wa hewa), naweza kuunga hapo? (Kijana, Changamwe)*

La, hapana. Wala ya breki za ABS wala ya kompyuta ya injini. Waya ya ACC itafutie ya laita, redio au waipa, na waya ya saa zote kwenye taa ya ndani. Na unapoipitisha kebo kwenye ile nguzo ya kioo cha mbele, kama imeandikwa airbag ipitishe nyuma ya huo mfuko, isikatize mbele yake, maana ukifunguka utairusha kebo na kifuniko usoni pako.